UFUNDI NYUMBANI: Njia ya Maji Ndani ya Injini ya Kale



Ndugu wasomaji, safu ya mwezi huu yaanza kwa kukiri kosa. Katika toleo moja la nyuma tulijibu barua ya msomaji aliyelalamika kwamba gari lake la kale huchemsha kila likisimama katika foleni. Tulimshauri aitoe thamostati na kuitupa, tukaandika kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa yenyewe. Miongoni mwa waliousoma ushauri huo ni mzee wetu mmoja wa hapa London ya mashariki, mwenye Land Rover ya mwaka 1974. Kwa kuwa hutuamini kuliko tunavyostahili, alituomba tumfanyie kazi hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Tuliifanya kwa dakika ishirini, tukanywa chai yake, tukaondoka.

Majira yote ya baridi gari halikuleta taabu, ila mzee alilalamika kwamba hita haitoi joto. Ilipofika Agosti alikuwa akirejea kutoka Oxford na wajukuu watatu. Baada ya Lewknor, pale barabara ya M40 inapoanza kupanda vilima vya Chiltern, sindano ya geji ya joto ilikwenda hadi mwisho na mvuke ukafunika kioo. Mzee aliliegesha gari kando. Mjukuu mkubwa, kijana wa miaka kumi na mitano, alifungua boneti na kukimbilia kifuniko cha rejeta. Babu yake alimdaka mkono kabla hajakigusa.

Hapo yatupasa tusimame kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko injini yoyote. Maji ya rejeta iliyofungwa hayatokoti kwa nyuzi 100. Kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi mraba huongeza kiwango cha kutokota kwa nyuzi 1.5 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo kifuniko cha ratili 9 huyaacha maji yafike karibu nyuzi 113 bila kutokota. Mtu akikifungua ghafla, shinikizo huondoka, na maji yale hugeuka mvuke mara moja na kumrukia usoni. Isifunguliwe rejeta mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa kiganja kitupu na kuminywa bila kukaza. Nusu saa ya kungoja kando ya barabara si kitu.

Gari lilirudi nyumbani juu ya lori. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua baina ya silinda ya tatu na ya nne. Watoto wa mzee, ambao ni watu wema na wenye shughuli zao, walimwambia wakati umefika wa kuliuza kwa bei ya chuma chakavu. Mzee hakuwajibu. Alijifunza udereva katika Land Rover ya idara ya kilimo kule Tanga, na hili ndilo gari la kwanza alilolinunua kwa jasho lake katika nchi hii. Aidha, gari lililotimiza miaka 40 na kusajiliwa kuwa la kihistoria halilipiwi ushuru wa barabara hapa Uingereza, wala ada ya hewa chafu ya London. Kwa hiyo hata hesabu ya fedha haikuwa upande wa watoto peke yao. Alitupigia simu sisi, akauliza neno moja tu: litapona? Nasi, tukijua nani aliyeitoa thamostati ile, tulisema tutaifumua injini yote na kuitafuta njia ya maji tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza tulihakikisha geji haikuwa ikisema uongo. Katika Land Rover za Series III geji ya joto na geji ya petroli hulishwa umeme na kifaa kimoja kidogo cha kutuliza volteji. Kikiharibika, geji zote mbili hupotoka pamoja. Ya mzee ilikuwa ikisema kweli.

Injini yenyewe ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, bloku na hedi zote za chuma cha kusubu. Ilianza mwaka 1958 katika Series II, ikaendelea katika Series III, gari lililotengenezwa Solihull kuanzia 1971 hadi 1985. Wengi wetu tumebebwa na injini hii kwetu bila kuijua jina. Ni injini mvumilivu, na uvumilivu wake ndio uliotudanganya.

Sasa tuifuate njia. Pampu iko mbele, inazungushwa na mkanda wa feni. Inavuta maji yaliyopoa kutoka chini ya rejeta na kuyasukuma ndani ya bloku. Maji huzunguka silinda katika ule uwazi ambao mafundi wetu huuita wota jaketi, hupanda kwa matundu ya gasketi kuingia katika hedi, huosha nyuma ya viti vya valvu, kisha hurudi mbele, hupita penye thamostati na kushuka rejeta kwa mpira wa juu. Msomaji atazame vizuri: maji yaingia mbele na yatoka mbele. Silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa upande wa gia boksi, ndiyo iliyo mbali na milango yote miwili. Huko mkondo ni mpole, na penye mkondo mpole ndipo tope hutua. Kadhalika huko ndiko gasketi ya mzee ilikoungua.

Twarudi katika kosa letu. Watu wengi, nasi tulikuwa miongoni mwao, wana nadharia mbili zinazopingana kuhusu thamostati. Wa kwanza husema itolewe ili maji yaende mbio. Wa pili husema isitolewe, kwa kuwa maji yakienda mbio hayapati nafasi ya kupoa ndani ya rejeta. Wa pili wana hukumu iliyo sawa na sababu isiyo sahihi. Maji yaendayo haraka huchukua joto zaidi, si pungufu. Yakipita rejeta upesi yatarudi upesi tena, na hesabu ya jumla huwa faida.

Sababu za kweli ni nyingine. Kwanza, pampu ikisukuma maji ndani ya bloku na mlango wa kutokea ukiwa mwembamba, shinikizo ndani ya bloku na hedi huwa kubwa kidogo kuliko la rejeta. Shinikizo hilo lina kazi. Nyuma ya kiti cha valvu ya kutolea moshi chuma huwa cha moto mno, na maji yanayokigusa hufanya mapovu hata kama maji mengine yote hayajatokota. Mapovu madogo yanayofagiwa na mkondo hayana dhara; yanasaidia hata kubeba joto. Lakini shinikizo likipungua, mapovu hukua na kuungana yakawa utando wa mvuke, na mvuke haupozi chuma. Hapo hedi huwa kavu mahali pamoja ilhali geji ingali inaonyesha salama.

Pili, baina ya hedi na pampu mna mpira mfupi, njia ya mkato inayoyazungusha maji wakati injini ingali baridi. Thamostati za namna fulani hukiziba kinjia hicho zinapofunguka. Ukizitoa, hakizibwi tena, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Tatu, wakati wa baridi injini haifikii joto lake. Petroli huliwa zaidi na silinda huchakaa. Ile hita isiyotoa joto ilikuwa ikitueleza jambo hili miezi kumi kabla ya Agosti, nasi hatukusikia.

Hata hivyo, thamostati haikuwa ugonjwa wenyewe. Tulipoitoa tulikuwa tumenyamazisha dalili. Ugonjwa tuliukuta Novemba, injini ilipokuwa juu ya magogo katika banda la gari na mjukuu amevaa ovaroli inayompwaya.

Ubavuni na nyuma ya bloku mna vizibo vya bati vyenye umbo la kikombe. Wengi hudhani viliwekwa ili viruke maji yakiganda, bloku isipasuke. Sivyo. Bloku inaposubiwa, uwazi wa maji hutengenezwa kwa mchanga ulioshikamanishwa, na matundu hayo ni mahali mchanga uliposhikiziwa na ulipotolewa baadaye. Basi kwa anayefumua injini, matundu hayo ni madirisha, wala hapana njia nyingine ya kuona ndani. Tulivigonga vyote tukavitoa, hata kile cha nyuma kinachofichwa na nyumba ya flaiwili, ambacho mafundi wenye haraka hukiacha kwa kuwa chataka kazi nyingi kukifikia. Kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kuwa chembamba kama karatasi.

Mjukuu alitia taa katika dirisha la silinda ya kwanza, akaona ukuta wa silinda. La pili, vivyo hivyo, pamoja na kutu. La nyuma hakuona chochote. Alipotia bisibisi ilizama katika kitu kigumu chenye rangi ya kahawia, akatuuliza kwa Kiingereza ni nini. Babu yake, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alijibu: “Ukoko.” Kijana akacheka, kwani neno hilo alikuwa akilijua kwa wali wa bibi yake. Tangu siku hiyo hakuliita kwa jina jingine. Ukoko ule ulifika kimo cha vidole vinne kuizunguka silinda ya nne, na ndani yake tulivuta kipande cha waya mwembamba, wa kuimarishia mchanga wa kalibu, kilichosahaulika humo tangu bloku iliposubiwa. Miaka yote hiyo kilikuwa kikikamata kutu kama mti ulioangukia mtoni.

Tulichokoa kwa waya mgumu Jumamosi mbili nzima. Kisha bloku ilipelekwa karakana ikachemshwe katika dawa kali ya magadi. Kwa bloku ya chuma kazi hiyo yafaa sana. Kwa hedi ya alumini ni maangamizi, maana magadi huila alumini. Beringi za kamshafti sharti zitolewe kwanza, na mpya zitiwe baadaye. Bloku iliporudi ilikuwa inang’aa, na karakana ilituhakikishia kuwa ni safi ndani na nje. Tulitia mpira wa maji katika dirisha la nyuma na mchanga ukatoka tena, kiasi cha kiganja. Kwa hiyo hata bloku iliyolipiwa isifungwe kabla mwenyewe hajaiosha mara ya mwisho, ndani ya njia za oili pia, maana chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu beringi.

Ukoko huo si kutu peke yake. Maji ya London ni mazito kwa chokaa. Kila mwenye birika la umeme analijua jambo hili. Chokaa hupitisha joto kidogo mno kulinganisha na chuma cha kusubu, pungufu kwa zaidi ya mara kumi, kwa hiyo ganda jembamba ukutani mwa silinda ni kama blanketi. Ndugu zetu wa Birmingham, ambao maji yao huletwa kutoka bonde la Elan huko Wales, wana maji laini na birika safi. Wao watakuta kutu zaidi kuliko chokaa. Kwa wote ushauri wetu ni mmoja: rejeta isitiwe maji ya bomba, bali yale yaliyoondolewa madini, yauzwayo kwa galoni katika maduka ya vipuri, yakichanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia barafu. Mchanganyiko huo hauwi barafu mpaka nyuzi 35 na zaidi chini ya sifuri. Kazi yake iliyo kubwa kwetu, lakini, ni kuzuia kutu, na dawa za kutu zilizomo humo huchoka. Zimwagwe na kubadilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Na wenye watoto wadogo au paka wazingatie: aina iliyozoeleka ya dawa hii ni sumu yenye ladha tamu. Tone lililomwagika lifutwe, na kopo lifungwe kabatini.

Lililofuata ni gasketi ya hedi. Tulilaza gasketi mpya juu ya bloku, kisha juu ya hedi, tukalinganisha tundu kwa tundu. Msomaji atakuta mara nyingi tundu la chuma ni kubwa na la gasketi ni dogo, na atashawishika kulipanua ili maji yapite zaidi. Asithubutu. Katika injini nyingi za namna hii udogo wa tundu umekusudiwa: ndio unaoyazuia maji yasikate njia kupanda hedi mbele, yakalazimika kwenda hadi nyuma kwanza. Anayepanua matundu ya mbele huinyima maji silinda ya mwisho. Tulichofanya ni kuzibua yaliyozibwa na kutu katika bloku na hedi, kwa keekee iliyozungushwa kwa mkono, hadi kipimo chake cha asili na si zaidi. Matundu mawili ya nyuma yalikuwa yamebakia upenyo wa njiti ya kiberiti. Kisha uso wa hedi ulipimwa kwa rula ya chuma, na bolti zilikazwa kwa mpangilio na kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Pampu ya zamani mapanga yake yalikuwa yameliwa, tulinunua nyingine. Rejeta tuliijaribu kwa njia ya wazee: mpira wa bustani juu, mlango wa chini wazi, na maji yapaswa kutoka kwa kasi ileile yanayoingia. Yalijaa yakamwagika juu. Fundi aliitia moyo mpya, na hiyo ndiyo gharama iliyotuuma kuliko zote. Mpira wa chini nao uangaliwe, kwani uko upande wa kuvutwa na pampu. Ukilegea, mwendo ukiwa mkali hujibana kama mrija wa sharubati na kufunga njia. Lile bati linaloizunguka feni, ambalo mtu fulani zamani alilivua akaliacha, tulilitafuta na kulirudisha. Bila hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto ya injini badala ya kuvuta hewa mpya kupitia rejeta.

Ikabaki thamostati. Tulinunua mbili, zote zimepigwa muhuri wa nyuzi 82, tukaenda jikoni kuzipima. Hutundikwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ya kwanza haikufunguka hata maji yalipotokota. Ilikuwa mpya, ndani ya kisanduku chake. Laiti tungeifunga bila kuipima, hedi ingepasuka na lawama tungeitupia tena thamostati kwa jumla. Ya pili ilianza kufunguka kwa nyuzi 81 na ikawa wazi kabisa maji yalipokaribia 95. Tuliifunga kwa gasketi mpya, kale katundu kadogo ka kupitishia hewa kakiwa juu. Mama mwenye nyumba alituuliza sufuria ile ni ipi. Tulimwambia. Yasemekana sasa ni ya injini.

Kujaza maji nako kwataka subira. Hewa iliyonaswa nyuma ya hedi ni sawa na ukoko: mahali ilipo, maji hayapo. Tuliliegesha gari pua juu kwenye mteremko wa banda, tukafungua bomba la hita, tukajaza pole pole huku mjukuu akiminya mpira wa juu, na mapovu yakatoka kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Injini iliunguruma mara ya kwanza mwezi wa Machi. Tulingoja thamostati ifunguke, tukagusa rejeta yote kwa kiganja tukitafuta mahali pa baridi, hatukupaona. Hita ilikuwa moto.

Mwezi wa Juni, siku ya nyuzi 27 kivulini, tulikwenda Oxford na kurudi: mzee usukani, sisi pembeni, mjukuu nyuma. Baada ya Lewknor hakuna aliyezungumza. Kwenye mlima sindano ilipita katikati kwa upana wake mmoja, ikakaa hapo hadi juu, na tulipoteremka ikarudi. Mzee alisema tu kwamba gia ya tatu ina mlio.

Msomaji yule aliyetuandikia mwanzoni kuhusu foleni, twamwomba radhi na twamwomba apite kwa mhariri. Jina la gari lake tunalo katika barua yake. Thamostati yake imo katika bahasha mezani, tumekwisha kuipima.